Linux Ilivyofika Kibakwe: Historia Fupi na Funzo Lake



Kamati ya mkutano wetu imeniomba niandike habari za zile kompyuta zilizo katika chumba cha nyuma ya maktaba, ambazo zikiwashwa hazifanani na zile tulizozizoea maofisini. Nimekubali kwa sababu moja. Mwaka jana, tulipokuwa tukielekea kwenye chakula, kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliniamkia, kisha akaniuliza, "Mzee, hizi mashine zetu zina Windows ya namna gani?" Nilimjibu kwa haraka kwamba hiyo siyo Windows, ni Linux, nikaenda zangu mezani. Baadaye nilijiona nimemkosea kijana yule. Haya yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumweleza.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kompyuta bila programu ni chuma na nyaya tu. Inayoipa utaratibu ni programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Huu ndio unaosimamia kumbukumbu, diski, kibodi, kioo na mashine ya kuchapa, kama kiranja mkuu anavyosimamia bweni, ili kila mmoja apate zamu yake pasipo fujo. Windows ni mfumo endeshi, na Linux ni mfumo endeshi. Tofauti yao kubwa ni haki anayopewa mtumiaji.

Kwetu sisi tuliokulia huku Mpwapwa, mfano ulio karibu ni unga na mbegu. Ukinunua unga dukani utasonga ugali, ukiisha utarudi dukani. Lakini jirani akikupa mbegu ya mtama utapanda, utavuna, utachagua masuke mazuri na kuyaweka akiba juu ya dari, na mwaka utakaofuata utamgawia mwingine. Programu nyingi za kununua ni kama unga: unaitumia, lakini huruhusiwi kuona ilivyotungwa wala kumpa mwenzako nakala. Programu huria hutolewa pamoja na maandishi yake ya asili, na leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Kwa hiyo anayeigawa si mwizi. Jambo hilo lina uzito wake katika nchi ambayo wengi wetu tulianzia kwenye nakala zilizoibwa bila hata kujua kwamba zimeibwa.

Mawazo haya yana historia. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akinuia kutunga mfumo mzima ambao watu wangekuwa huru kuutumia na kuugawa. Sehemu nyingi zilikamilika, lakini kiini cha mfumo kilichelewa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, aliwaarifu wenzake kwamba anatunga kiini kama mchezo wa kujifurahisha. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GNU, na watu wa mataifa mengi wakajitolea kukiendeleza. Hiyo ndiyo asili ya Linux.

Na sisi je, tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni, na vizuizi hivyo vililegezwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo kaka zetu wengi walimaliza shule bila kuona kompyuta hata kwa mbali. Mimi niliyekuja baadaye nilisomea karabai hapa Kibakwe, na kompyuta niliigusa mara ya kwanza mjini Dar es Salaam, nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Niliogopa hata kukishika kipanya. Nawaambia haya ili kijana anayeona haya kuuliza ajue kwamba hata wazee wake walianzia hapo.

Mwaka 2004 ni mwaka wa kukumbukwa katika habari hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha mradi ulioitwa KiLinux, kwa msaada wa wataalamu kutoka Sweden. Watu wa kompyuta walikaa meza moja na watu wa lugha, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ambayo leo imo ndani ya TATAKI. Kazi yao ilikuwa kupata istilahi na kutafsiri programu huria kwa Kiswahili. Mwezi Desemba mwaka ule walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo mtu angeweza kuandikia barua na kupangia hesabu huku amri za kwenye kioo zikiwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye programu. OpenOffice ilikuwa imefunguliwa kwa umma tangu mwaka 2000, na leseni yake iliruhusu. Kampuni ya Microsoft nayo ilileta Kiswahili katika programu zake miaka hiyo hiyo, lakini huko lugha inaingia pale tu mwenye mali anapopenda.

Mwaka huo huo wa 2004, mwezi Oktoba, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake walitoa toleo la Linux waliloliita Ubuntu, neno la lugha za kusini ambalo sisi Waswahili tunalijua kwa jina la utu. Nia yao ilikuwa kumrahisishia mtu wa kawaida, kwa maana Linux ya awali ilikuwa kama mlima kwa asiye fundi. Zaidi ya hayo, hadi mwaka 2011, mtu yeyote duniani aliweza kuomba diski za Ubuntu akaletewa kwa posta bila kulipa chochote. Mwaka 2006 niliomba nami. Siku nilipofungua sanduku la posta na kukuta bahasha ile, nilijiona mtu mkubwa.

Hapo ndipo lilipoanza kosa langu la kwanza. Rafiki yangu mmoja alikuwa na ofisi ndogo ambayo kompyuta yake ilijaa virusi. Nikamwambia dawa ninayo mfukoni. Nilitia diski, nikabonyeza kila nilipoambiwa nibonyeze, na mahali palipouliza kama nataka kutumia diski yote ya ndani nikakubali bila kufikiri. Baada ya nusu saa kompyuta ilikuwa safi kabisa, na hesabu zote za ofisi ile za mwaka mzima zilikuwa zimefutika. Mhasibu, mama wa makamo, hakunigombeza. Alivua miwani, akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, mishahara ya mwezi huu tutailipa kwa kitabu kipi?" Walikaa siku kumi wakiandika upya kutoka kwenye risiti, nami nilikaa nao. Mfumo haukuwa na kosa, ulifanya nilichouamuru. Lakini ofisi ile haikutaka kusikia neno Linux tena, na siwezi kuwalaumu.

Kosa la pili nililifanya hapa hapa nyumbani. Mwaka 2008 sisi wachache tulichanga fedha tukanunua kompyuta nane zilizokwishatumika. Nilizitia Xubuntu, ambayo ni Ubuntu nyepesi iliyofaa mashine zenye kumbukumbu ya megabaiti 256 tu. Tulizipakia, tukapanda nazo milimani hadi Kibakwe, hotuba zikatolewa, tukapiga picha, tukaondoka siku ile ile. Mwaka uliofuata niliporudi nilikuta sita zimefunikwa vitambaa. Mbili fundi mmoja wa njiani alikuwa "amezipiga Windows" ya wizi, na virusi vilikwishazila. Mwalimu aliyekuwa na ufunguo aliniambia pasipo kunificha kwamba siku ya pili tu baada ya sisi kuondoka, mashine ziliuliza neno la siri. Wanafunzi walipolichapa hawakuona herufi ikitokea, wakadhani kibodi zimekufa. Basi wakaziacha.

Ndugu zangu, wenye uzoefu wanajua kwamba katika matoleo mengi ya Linux ya wakati ule, ukiandika neno la siri kwenye dirisha la amri, kioo hakikuonyesha hata nukta. Ilikuwa desturi ya usalama. Kwangu lilikuwa jambo dogo sana, hata sikukumbuka kulitaja. Kwa mgeni ulikuwa mwisho wa safari. Mashine nane na nauli ya watu wote wale viliangushwa na sentensi moja ambayo hakuna aliyebaki kuisema.

Nilichukua likizo, nikakaa Kibakwe wiki mbili. Utaratibu tulioufuata naueleza hapa, kwa maana umeendelea kutufaa.

Jambo la kwanza, hatukugusa mashine yoyote kabla ya kunakili mafaili ya mwenyewe mahali pengine. Funzo la yule mama sikulisahau.

Pili, mgeni alionja kwanza. Diski ya Ubuntu ya tangu mwaka 2006 iliweza kuendesha mfumo mzima bila kuandika chochote ndani ya kompyuta. Ukiitoa na kuwasha upya, mashine inarudi ilivyokuwa. Leo tunafanya hivyo hivyo kwa flashi. Mwanafunzi akishajua kwamba hawezi kuharibu kitu, mkono unaacha kutetemeka.

Tatu, tulianza na kazi anayoijua. Hatukuwaambia kiini ni nini. Tuliwaambia, andika barua kwa mzazi wako kumweleza unaendeleaje, kisha ihifadhi, kisha itafute. Waliomaliza barua walipanga orodha ya darasa.

Nne, anayefundisha alishika mikono yake nyuma. Hili lilinishinda siku tatu za mwanzo. Ukimwona mtu anatafuta kitufe dakika nzima unatamani ukibonyeze mwenyewe, lakini ukikibonyeza wewe, umejifunza wewe.

Tano, kila aliyejua jambo alimfundisha mmoja kabla ya kujifunza jingine. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya elimu ya watu wazima, iliyopewa mwaka mzima wa 1970 kuwa mwaka wake, wakati watu walijifunza kusoma chini ya mibuyu kwa Kiswahili wanachokielewa. Sisi tuliiga tu. Daftari la maneno liliwekwa mezani: neno la kwenye kioo upande mmoja, maana yake kwa Kiswahili upande wa pili. Daftari lile bado lipo, limechakaa, na miandiko iliyomo ni ya vidato vingi.

Matatizo hayakukosekana. Vijana walilalamika kwamba muziki haupigi, na ilikuwa kweli. Ubuntu ya wakati ule haikuja na programu za kusomea nyimbo za MP3 kwa sababu za hataza, nasi hatukuwa na intaneti ya kuziongezea. Nilizipakua Dar es Salaam nikazileta kwa flashi. Umeme nao ulikatika, na fundi wa karibu alikuwa Mpwapwa.

Kadhalika, baadhi ya wenzetu waliuliza, tena kwa haki, kama hatuwapotezi vijana ilhali waajiri wanataka Windows. Najibu kwamba aliyejua kupanga jedwali katika LibreOffice, iliyozaliwa na OpenOffice mwaka 2010, hushika ile nyingine baada ya siku chache. Mwezi Aprili 2014 Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP, na mashine kuukuu za ofisi nyingi zikabaki bila kinga, lakini zetu ziliendelea kupata matoleo mapya. Aidha, simu za Android mlizonazo mifukoni zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa kasi zinatumia Linux. Kwa hiyo anayejifunza katika chumba chetu cha nyuma ya maktaba hajabaki nyuma.

Ningependa kumaliza kwa ombi kwa wanafunzi wenzangu wa zamani. Kila mkutano tunaulizana, tuipe shule nini? Kompyuta ni zawadi njema, nami sitaki mtu aache kuchanga. Lakini atakayetoa mashine, na atoe pia wiki moja ya likizo yake kukaa na wanaoanza. Asiyejua Linux aje ajifunze. Wapo watoto wa Kidato cha Tatu watakaomfundisha kwa uvumilivu, mikono nyuma.

Kwa upande wangu, mwaka huu nitafika siku tatu kabla ya mkutano. Yule kijana aliyeniuliza swali njiani nimekwisha kumpelekea salamu kwa mwalimu wake kwamba tukutane katika chumba kile saa kumi jioni, baada ya masomo. Atakayependa kuja naye aje na daftari.

Nawatakia nyote safari njema ya kuja Kibakwe.