Tarehe ya Gari la Moshi la Unguja

Reli ya kwanza ya Afrika ya Mashariki haikuwa ya Mombasa wala ya Tanga, bali ilikuwa ya Unguja, na aliyeamuru itandikwe ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi alipofariki mwaka 1888. Wadachi walianza kutandika reli yao ya Tanga mwaka 1893, na Waingereza wakaanza ya Mombasa mwaka 1896, wakati ambapo Sayyid Barghash alikwisha kuzikwa na reli yake imekwisha kung'olewa. Kwa hiyo wanaoipa Mombasa utangulizi huo wanampa mdogo heshima ya mkubwa.

Sayyid Barghash alizuru Uingereza mwaka 1875, na aliporejea hakuacha kuutengeneza mji: alileta maji ya chemchemi mpaka ndani ya mji kwa mifereji, akajenga Beit al-Ajaib, na mnamo mwaka 1879 akatandikiwa reli kutoka kwenye jumba lake mpaka Chukwani, alikokuwa na kasri ya kupunga hewa. Reli hiyo ilikuwa nyembamba, yaani nafasi iliyo baina ya chuma na chuma ilikuwa ndogo kuliko ile ya futi 4 na inchi 8½ iliyozoeleka Ulaya, na faida ya wembamba huo ni kwamba gharama hupungua na gari huweza kupinda kona kali. Mabehewa yalivutwa kwanza na nyumbu, ambao ni wanyama wazaliwao na punda dume na farasi jike, kisha mwaka 1881 Sayyid akaagiza kichwa cha gari, yaani mashine ya mvuke inayovuta mabehewa, kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Wako wasemao kwamba reli iliyoanza kwa nyumbu haihesabiwi, lakini hoja hiyo haina nguvu, kwa kuwa hata reli za Uingereza zilitangulia kuvutwa na farasi, na hakuna azikanaye kwa sababu hiyo. Masultani waliofuatia, Sayyid Khalifa, Sayyid Ali, Sayyid Hamad na Sayyid Hamoud, hawakutandika reli.

Reli ya pili ilijengwa na Arnold, Cheney & Co., wafanyabiashara wa Kimarekani, ikaanza kazi mwaka 1905 katika zama za Sayyid Ali bin Hamoud. Upana wake ulikuwa futi 3, na urefu wake maili 7 hivi, kutoka Ngome Kongwe, kupitia Malindi, mpaka Bububu. Kadi za posta za wakati ule zinaonyesha gari likipita katika njia ya Malindi karibu mno na kuta, hata mtu aliyesimama kizingitini angeweza kuligusa. Abiria wake wengi walikuwa watu wa mashamba pamoja na mizigo yao, lakini palikuwa na behewa moja la daraja la kwanza lililowekwa makusudi kwa wageni walioshuka katika meli kubwa zilizotia nanga bandarini, ili wakatazame mikarafuu na minazi kisha warudi kabla meli haijang'oa nanga. Wale ndio watalii kabla neno hilo halijaenea.

Hapa hapana budi kuamua ugomvi wa jina. Wengi husimulia kwamba Bububu imeitwa hivyo kwa mlio wa gari la moshi, na masimulizi hayo ni matamu, ila si kweli, kwani Sayyida Salme binti Said aliitaja Bububu katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886, miaka kumi na tisa kabla gari halijafika huko. Kauli ya sawa ni ile isemayo kuwa jina limetokana na sauti ya maji yabubujikayo katika chemchemi za mahali pale. Gari lililikuta jina, likaazima.

Serikali iliinunua reli mwaka 1911, barabara za motokaa zikazidi, na mwaka 1922 abiria wakakatazwa. Kule Wales, watu wa kujitolea waliiokoa reli nyembamba ya Talyllyn mwaka 1951, na wageni hulipa nauli kuipanda hadi leo. Reli ya Darjeeling ya India, yenye upana wa futi 2, ikaingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1999. Ya Unguja haikupata mtetezi. Baada ya abiria kuondolewa iliachiwa kazi ya kubeba mawe ya kujengea bandari mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha vyuma vikang'olewa, na wageni wanaoteremka leo Malindi kutoka Dar es Salaam huikanyaga kazi yake bila kujua.