Kanisa la Mji: Miaka 900 ya St Giles, Edinburgh

Mwaka 2024 waumini wa St Giles, kanisa kuu la kale la Edinburgh, waliadhimisha miaka 900. Mapokeo yanasema lilianzishwa mwaka 1124, enzi za Mfalme David I wa Uskoti. Jengo la mwanzo karibu limetoweka lote. Majeshi ya Richard II wa Uingereza yaliuchoma mji mwaka 1385, kanisa likaungua. Wenyeji wakalijenga upya na kulipanua, hata likawa na altare zipatazo hamsini.

John Knox aliposhika mimbari yake mwaka 1559, wakati wa Mageuzi ya Kiprotestanti, altare zikaondolewa na kuta zikapakwa chokaa nyeupe. Ibada mpya ilikuwa ya kusikiliza neno, wala haikuhitaji ukumbi mkubwa kiasi kile, na mji ulibanwa na uhaba wa nafasi. Kwangu mimi, hapa ndipo historia ya St Giles inapokuwa ya watu wote. Upande wa magharibi ukatengwa kwa mahakama na vikao vya bunge. Karani wa mji akapewa chumba cha makasisi kiwe ofisi. Wafumaji wakaweka mitambo yao darini. Juu ya mlango wa kaskazini pakawa jela, na humo humo kanisani ikahifadhiwa Maiden, mashine ya kukatia watu vichwa. Sir John Gordon wa Haddo alifungwa humo mwaka 1644 kabla ya kuuawa kwa mashine hiyo. Usharika uliokuja kuabudu sehemu ile ukaitwa Shimo la Haddo.

Kabla ya hapo, mwaka 1633, Mfalme Charles I alikuwa amelitunuku kanisa hili hadhi ya kanisa la askofu. Miaka minne baadaye kitabu chake cha sala kiliposomwa hapo, waumini walifanya ghasia. Simulizi za mji humtaja Jenny Geddes, mwanamke aliyemrushia kigoda msomaji. Mwaka uliofuata Waskoti walitia sahihi Agano la Kitaifa kupinga mabadiliko hayo ya ibada, na vita havikuchelewa.

Kuta za ndani zilizotenga sehemu hizo mbalimbali ziliendelea kuligawa jengo, na sharika nne zikasali bega kwa bega bila kuonana. Nje, vibanda vya wachuuzi viliegemea ukuta hadi 1817. Polisi nao waliwahi kupata kituo humo.

William Chambers, mchapishaji aliyekuwa ameongoza baraza la mji, ndiye aliyetaka kuta hizo zibomolewe na jengo liwe moja tena, akalipia sehemu kubwa ya kazi kwa fedha zake. Ilianza 1872. Alifariki Mei 1883, siku tatu kabla kanisa halijafunguliwa upya, na ibada ya mazishi yake ilifanyika humo. Anastahili kutajwa sambamba na Knox, kwani bila yeye tungekuwa na vyumba tu.

Leo usharika ni mmoja, wa Kanisa la Uskoti, lisilo na maaskofu, ingawa watu bado huliita jengo hilo katedro. Septemba 2022 jeneza la Malkia Elizabeth II lililazwa hapo kwa saa 24, na foleni ya waombolezaji ilidumu usiku kucha.