Stima ya Amin, mvuke wa Olkaria

Februari 1976, rais wa Uganda Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda kihistoria. Kwa hesabu yake, mpaka wake ulifaa kufika kilomita 32 hivi kutoka Nairobi. Yaani wasee wa Kisumu, Eldoret, Nakuru na Naivasha wangeamka asubuhi wakiwa Waganda. Hiyo sehemu wengi tunaijua, na huwa tunaicheka. Sehemu isiyochekesha ni kwamba wakati anasema hayo, kulikuwa na stima inatoka bwawa la Jinja, inapita Tororo, inavuka mpaka na kuja kuwasha balbu za Nairobi. Swichi ilikuwa upande wake.

Mimi ni mhafidhina. Najua kwa rika letu hilo neno linashtua. Marafiki zangu wakilisikia wanaona mzee wa KANU na rungu mkononi. Kwangu mhafidhina ni mtu ambaye hakubali kitu kibomolewe kabla hajajua kilijengwa kwa nini, na hapendi kuweka sahihi kwa jina la watoto ambao hawajazaliwa. Na kwa mambo ya stima, mafuta na marafiki wa nje, naona wazee wa miaka ya sabini walijua kitu ambacho sisi tumeanza kusahau.

Turudi nyuma kidogo. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Mwaka uliofuata Kenya na Uganda zikafanya mkataba: Uganda itauzia Kenya megawati 30 kwa miaka 50. Laini ikavutwa hadi Nairobi. Hapo hakuna aliyekuwa mjinga. Nchi zote mbili zilikuwa chini ya Mwingereza mmoja, zinatumia shilingi moja, reli moja, posta moja. Kununua stima Jinja ilikuwa kama kuchota maji kwa tangi la baba yako.

Halafu baba akaenda. Uganda ikapata uhuru 1962, Kenya 1963, na mkataba ukabaki pale pale. Tarehe 25 Januari 1971 jeshi likampindua Milton Obote akiwa nje ya nchi, na ghafla mtu upande wa pili wa ile karatasi ni Amin. Karatasi haikubadilika hata nukta moja. Ndio shida ya mikataba ya miaka 50: unakubaliana na mtu mmoja, unaishi na mwingine.

Na madai yake hayakutoka hewani kabisa. Mpaka 1902 Uganda ya Waingereza ilikuwa na Mkoa wa Mashariki uliofika hadi huku Naivasha. Wakoloni waliuhamisha kwa kalamu, reli yote iwe chini ya usimamizi mmoja. Amin alichukua ramani ya kweli akaifanya kisingizio. Kenyatta alikataa katakata, watu wakaandamana, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kugusa mizigo ya Uganda. Hapo Amin akaanza kusema ameeleweka vibaya. Unajua kwa nini alilegea haraka hivyo? Uganda haina bahari. Yeye alishika swichi ya stima, sisi tulishika mlango wa mafuta. Karibu kila lita ya petroli iliyofika Kampala ilipita kwetu.

Miezi mitano haijaisha, ikaja Entebbe.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv ilitekwa baada ya kutua Athens, ikaishia uwanja wa Entebbe, Amin akiwapokea watekaji kama wageni wake. Usiku wa kuamkia 4 Julai makomando wa Israel wakaingia na kuwaokoa mateka zaidi ya 100. Wakirudi, ndege zao zilitua Nairobi kujaza mafuta. Sasa kumbuka, rasmi Kenya haikuwa na uhusiano wa kibalozi na Israel. Tuliuvunja 1973 pamoja na nchi nyingi za Afrika, wakati wa vita vya Oktoba, na Waarabu wakatumia mafuta kama silaha. Pipa likapanda kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12 katika miezi michache. Afrika ilitegemea kwamba baada ya kusimama na Waarabu itauziwa mafuta kwa bei ya ndugu. Bei ya ndugu haikuja. Zilikuja ahadi za mikopo.

Kwa hivyo ukiniuliza kwa nini serikali ya Kenyatta ilifunga ubalozi mchana na kufungua uwanja wa ndege usiku, nitakuambia: maslahi ya nchi. Wengine huita huo unafiki. Mimi naona ilikuwa nchi ndogo yenye jirani hatari, ikihesabu nani atakuja ikipigwa.

Na kweli walikuja. Marekani ilituma manowari Mombasa na ndege ya doria ya jeshi la majini Nairobi, wote waone, kwa sababu Amin alikuwa anatishia kulipiza kisasi. Wakenya waliokuwa Uganda ndio waliolipa kwanza. Wengi waliuawa, wengine wakakimbia na nguo walizovaa. Kenya nayo ikabana mafuta: Uganda ilipe madeni, na ilipe kwa pesa za kigeni. Magari ya Kampala yakaanza kukauka. Agosti pande mbili zikakaa Nairobi zikatia sahihi makubaliano ya kutuliza mambo. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika kabisa.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu wahafidhina wenzangu, wachache tulio, hupenda hii hadithi ikiishia kwa manowari. Rafiki mwenye nguvu alikuja, tukashinda, asante. Lakini bili ilikuja baadaye. Mei 1978 Bruce McKenzie, aliyekuwa waziri wa kilimo na anayetajwa sana kwa ule mpango wa Nairobi, alikufa ndege yake ilipolipuka akitoka kumwona Amin. Mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1980, hoteli ya Norfolk ikapigwa bomu, na wengi waliona ni malipo ya Entebbe. Mwaka huo huo tulikuwa tumewapa Wamarekani ruhusa ya kutumia bandari na viwanja vyetu, kwa sababu Iran ilikuwa imepinduka, Wasovieti wako Afghanistan, na Washington ilitaka pahali pa kulindia mafuta ya Ghuba. Mafuta yasiyokuwa yetu. Na 7 Agosti 1998 hata haihitaji maelezo, kila familia ya Nairobi ina mtu anayejua mtu. Zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini tu.

Sisemi marafiki wa Magharibi ni wabaya. Nawapendelea kuliko wengine, na sioni haya kusema hivyo. Lakini rafiki wa nje anakuja na hesabu zake. Novemba 1991 wafadhili hao hao walikutana Paris wakazuia misaada kwa serikali ya Moi. Kisiasa naelewa, na vyama vingi tulivirudisha kwa sehemu kupitia hapo. Kwa stima ilikuwa noma. Pesa za mitambo mipya zilikuwa zinatoka kwa mlango uliofungwa. Mwisho wa miaka ya tisini kampuni za kibinafsi zilianza kuleta jenereta za mafuta za bei ghali, kisha kiangazi cha 1999 hadi 2000 kikakausha Masinga, na nchi ikaingia kwa mgao wa stima. Ukiona wazazi wako wanaweka mishumaa kwa droo mpaka leo, ni hiyo miaka.

Sasa kile walichofanya vizuri, ambacho hakuna mtu hukitengenezea filamu. Amin akipiga kelele, kulikuwa na watu wanamwaga zege mto Tana. Kindaruma ilikuwa tayari tangu 1968. Kamburu ikaanza 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981. Pesa nyingi zilikopwa nje, ndiyo, na watu walihamishwa kutoka mashamba yao, na hilo lisifichwe. Lakini ukimaliza kulipa mkopo, maji ni ya Tana na bwawa liko Kenya. Hakuna jenerali wa nchi nyingine anayeweza kulala na ufunguo wake chini ya mto.

Halafu Olkaria, ambayo kwangu ndiyo utamu wa hadithi yote. Wakoloni walichimba visima viwili hapo kati ya 1956 na 1959, havikuleta mvuke wa maana, wakaachana nayo. Kwani wangejisumbua na nini, na Jinja iko? Miaka ya sabini serikali ikarudi pale pale, ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa. Visima vikachimbwa kimoja baada ya kingine, miaka, bila mtu kupiga makofi. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukawaka: megawati 15. Nusu ya ile ya Jinja. Leo mvuke wa ardhini unatupa uwezo wa zaidi ya megawati 900 na ndio mguu mkubwa zaidi wa stima yetu. Haungoji mvua wala pipa. Na ukichukua ile ramani ya Amin, Olkaria iko ndani. Angekula na mvuke.

Hao wazee hawakuwa malaika. J.M. Kariuki aliuawa Machi 1975 chini ya serikali hiyo hiyo, na ardhi walizojigawia tunazijua kwa majina. Mtu anaweza kuwa mbaya kwa jambo moja na kuwa sahihi kwa lingine, na ukikataa kujifunza kwa mtu kwa sababu humpendi, hasara ni yako.

Sasa mbona nawachosha na 1976? Kwa sababu mwaka 2022 tulirudia. Tulifanya mkataba wa miaka 25 na Ethiopia: megawati 200 kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha 400, kupitia laini ndefu ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sodo hadi Suswa. Stima ilianza kuingia Novemba hiyo. Bei yake ni nafuu kuliko jenereta za dizeli, na kusema kweli kama ningekuwa mezani ningeweza kuikubali. Ethiopia pia si Uganda ya Amin. Tuna mkataba wa ulinzi nao tangu miaka ya sitini, ulifanywa wakati wa Mfalme Haile Selassie, na mwaka 1979 Moi, mtu asiyependa Ukomunisti hata kidogo, aliufanya upya na Mengistu aliyekuwa Mkomunisti hasa. Wote waliiogopa Somalia ya Siad Barre. Huo ndio uhafidhina ninaouelewa: angalia ramani kabla ya kuangalia bendera.

Lakini angalia pia namba. Tarehe 6 Septemba 2024 asubuhi, laini ya Loiyangalani inayoleta stima ya upepo ilikatika ikiwa na megawati 288. Mara ile laini ya Ethiopia nayo ikaachilia 200. Jumla 488, na nchi karibu yote ikaingia giza. Hakuna aliyetaka kutuumiza. Ilikuwa hitilafu tu. Mahitaji yetu ya juu kabisa yamepita megawati 2,000, kwa hivyo 200 ni kama sehemu moja ya kumi. Ukifika 400, na Addis Ababa ikawa na vita yake ya ndani kama ile ya Tigray, au kiangazi kikali, nani atakatiwa kwanza? Ningekuwa waziri wao, ningekata Nairobi. Na nisingelala vibaya.

Kwa mafuta, sisi ndio tumekuwa Jinja ya mtu. Machi 2023 tulifanya mpango wa mkopo wa siku 180 na kampuni tatu za Ghuba. Uganda, ambayo ilikuwa inapata mafuta kupitia kampuni za hapa, ikaona inaumizwa kwa bei, ikatushtaki kwa mahakama ya Afrika Mashariki, na tangu Julai 2024 inajiagizia yenyewe. Tulikasirika sana hapa mtandaoni. Mimi niliwaelewa kabisa. Walifanya kile tulichofanya kwa Tana.

Juni 2024 Marekani nayo ikatutangaza rasmi kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, wa kwanza kusini mwa Sahara. Heshima kubwa, na vifaa vya kijeshi vitakuwa rahisi kupata. Wiki hiyo hiyo vijana wa rika langu walikuwa barabarani kwa ajili ya Mswada wa Fedha, wengine hawakurudi nyumbani, kwa hivyo ni wachache waliosoma hiyo habari. Isomeni. Someni pia ule mkataba wa Sodo na Suswa, na muulize mbunge wenu kama amewahi kuuona. Ukihesabu miaka 25 tangu 2022, unafika 2047. Nitakuwa na zaidi ya miaka arobaini, na walioutia sahihi wengi watakuwa wamestaafu au wamezikwa. Wakati huo Olkaria kutakuwa kumewekwa megawati ngapi mpya? Hilo ndilo swali ningetaka lijibiwe kwa kampeni za 2027, na bado sijasikia mtu akiligusa.