Majeraha yasiyojulikana chanzo katika makao ya wazee (Marekani)

Jeraha lisilojulikana chanzo, kwa mujibu wa kanuni za serikali kuu ya Marekani, ni lile ambalo hakuna aliyeliona likitokea wala mkazi mwenyewe hawezi kulieleza, na ambalo pia linatia shaka kwa ukubwa wake, mahali lilipo mwilini, au wingi wa majeraha. Makao yanayolipwa kupitia Medicare au Medicaid, mipango ya bima ya afya ya serikali, hulazimika kulitolea taarifa na kulichunguza. Msingi wa kanuni hizo ni sheria ya mageuzi ya makao ya wazee ya mwaka 1987.

Mkazi akiumia vibaya, au kukiwa na madai ya unyanyasaji, taarifa hutakiwa kumfikia msimamizi wa makao na mamlaka ya jimbo ndani ya saa 2. Mambo mengine hupewa saa 24. Matokeo ya uchunguzi hutolewa ndani ya siku 5 za kazi. Sheria ya mwaka 2010 iliongeza wajibu wa mfanyakazi mmoja mmoja: akishuku uhalifu, aripoti polisi, na mwajiri haruhusiwi kumwadhibu kwa hilo. Kinga hiyo ina uzito mkubwa kwa wahudumu wahamiaji wanaohofia kibarua chao.

Ugumu wenyewe uko katika kuusoma mwili. Ngozi ya mzee ni nyembamba, dawa kama warfarini huzidisha kuvuja damu, na mfupa uliodhoofika unaweza kuvunjika mtu akigeuzwa tu kitandani. Ndiyo maana maneno “huyu huvilia damu upesi” hufunga majalada mengi kabla ya wakati. Utafiti wa daktari Laura Mosqueda na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulifuatilia wazee 101 na kuona kwamba karibu asilimia 90 ya alama za kuvilia damu kwa ajali zilikuwa mikononi na miguuni; shingoni, masikioni na matakoni hazikuonekana. Rangi nayo haikuonyesha umri wa jeraha: baadhi ya alama zilikuwa za manjano ndani ya siku ya kwanza. Wengi hawakukumbuka walivyoumia.

Kwa hiyo mchunguzi makini huanzia mara ya mwisho ngozi ilipoonekana nzima, mathalani wakati wa kuogeshwa, kisha husonga mbele zamu kwa zamu: nani alimvisha, nani alimwinua kwa mashine, nani alimtembelea, mkazi gani mwingine aliingia chumbani. Jeraha hupimwa na kupigwa picha. Anayeshukiwa huondolewa karibu na mkazi tangu mwanzo, wala hasubiriwi hadi ushahidi ukamilike. Mwenye demensia pia lazima aulizwe, kwa utulivu na faraghani. Kuruka hatua hiyo ni kumnyima haki, kwani wapo wanaoweza kuonyesha kwa kidole, au kwa kujikunyata mtu fulani anapokaribia.

Familia isiyoridhika inaweza kumwendea mtetezi wa wakazi wa makao ya wazee, ambaye kila jimbo linaye, bila kuomba ruhusa ya makao.