Fundi viatu (Singida)

Fundi viatu ni mtu anayeshona, kubandika na kutengeneza upya viatu vilivyochakaa. Mkoani Singida jina hilo hubeba kazi kadhaa: yupo anayeshona soli kivulini au barazani mwa duka, na yupo anayekata makatambuga, yaani viatu vya tairi kuukuu. Wapo pia wanaomwita hivyo mpiga kiwi, ingawa kung'arisha peke yake hakuhitaji sindano.

Sindano ndiyo roho ya kazi. Kwanza fundi huchana mfereji mwembamba ukingoni mwa soli, ili uzi uzame usisagwe na ardhi. Kisha hutoboa kwa sindano ya mpini yenye ndoano nchani. Mkono wa kushoto, uliomo ndani ya kiatu, hutega uzi kwenye ndoano. Kitanzi huvutwa nje, ncha ya pili ya uzi hupitishwa humo, na yote hukazwa kwa nguvu. Gundi tupu huachia upesi mvua zikianza Novemba au Desemba. Mshono huu hustahimili. Januari, shule zinapofunguliwa, viatu vyeusi vya wanafunzi humpa fundi kazi tele, maana kiatu cha kaka hushonwa kikavaliwa na mdogo wake.

Makatambuga ni viatu vya nchi yenyewe. Singida ni kame, yenye mawe makubwa na migunga, na mfugaji anayeswaga ng'ombe, awe Mnyaturu, Mnyiramba au Mdatoga, anataka soli isiyopenywa na mwiba kirahisi. Soli hukatwa kwenye tairi kuukuu, na mikanda hupenyezwa katika matundu membamba kuliko yenyewe, mpira ukaibana. Tairi lenye nyuzi za chuma hushinda kisu, hivyo la nailoni ndilo linalotafutwa.

Inasikitisha kwamba katika mkoa wa wafugaji fundi hutegemea mpira kuliko ngozi. Ngozi isiyosindikwa huoza au hukakamaa, na nyingi nchini huharibika au huuzwa zikiwa ghafi. Viwanda vikubwa havikuliondoa tatizo hilo: kile cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia ili kiuze nje, kilifungwa mwaka 1990. Kwa fundi mdogo, msaada wa karibu zaidi ni SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, huku teknolojia ya ngozi ikifundishwa katika kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) iliyoko jijini Mwanza.