Sebastián Abreu: klabu 31, nchi 11, penalti moja

Mtajie mpenzi wa soka wa Afrika jina la Sebastián Abreu, huenda asilikumbuke. Mwambie ni yule Mruguai aliyepiga penalti ya mwisho dhidi ya Ghana mwaka 2010, hapo utamwona anakunja uso. Usiku wa Julai 2, kwenye uwanja wa Soccer City jijini Johannesburg, bara zima lilikuwa nyuma ya Black Stars, na aliyelinyamazisha ni mshambuliaji mrefu wa miaka 33 aliyevaa jezi namba 13. Wanaomnunia hadi leo wana haki yao. Ila wachache walijua kuwa mtu yule alikuwa tayari amezunguka zaidi ya klabu 15, na kwamba safari yake ilikuwa imefika nusu tu.

Abreu alitundika daluga mwaka 2021 akiwa amechezea klabu 31 katika nchi 11. Mexico peke yake alikuwa na waajiri saba, Brazil sita, nyumbani Uruguay watano. Argentina na Chile zilimpa watatu kila moja, Hispania wawili, kisha mmoja mmoja Israel, Ugiriki, Ecuador, Paraguay na El Salvador. Desemba 2017, Audax Italiano ya jijini Santiago, Chile, ilipomsajili akiwa na miaka 41, ikawa klabu yake ya 26, na Guinness wakamwandika kwenye kitabu chao cha rekodi.

Rekodi hiyo aliikuta mikononi mwa kipa wa Kijerumani, Lutz Pfannenstiel, mwenye klabu 25. Huyu naye inafaa tumpitie kidogo, maana tofauti yao ndiyo inayoeleza kazi hii ya kuhamahama. Pfannenstiel alizaliwa Zwiesel, Bavaria, mwaka 1973. Akiwa kijana alikataa mkataba wa ridhaa wa Bayern München, akapanda ndege kwenda kudaka Malaysia. Baadaye akapita Uingereza, Afrika Kusini, Finland, Singapore, New Zealand, Norway, Kanada, Albania, Brazil na Namibia. Ndiye mchezaji wa kwanza kucheza soka la kulipwa katika mashirikisho yote sita ya FIFA, na aliikamilisha hesabu hiyo mwaka 2008 alipotua Brazil. Njiani yalimkuta mengi. Singapore alifungwa jela siku 101 kwa kesi ya kupanga matokeo, akisisitiza hadi leo kuwa hakuwa na hatia. Mwaka 2002, siku ya pili ya Krismasi, akidakia Bradford Park Avenue ya Uingereza, aligongana na mshambuliaji, pumzi ikakatika, na ikabidi arudishiwe uhai palepale uwanjani. Na New Zealand, kwa simulizi yake mwenyewe, alimchukua ngwini kutoka ufukweni akamfuga kwenye beseni la kuogea, mpaka alipoonywa kuwa kisheria hilo ni kosa kubwa akamrudisha baharini.

Pfannenstiel alizifuata nchi. Ukisoma orodha ya klabu zake unaona mtu anayetaka kuiona dunia, na mpira ndio nauli yake. Abreu hakuwa mtalii. Yeye nchi zilimfuata, kwa sababu alikuwa na bidhaa moja isiyochina sokoni, nayo ni mabao ya kichwa. Urefu wa mita 1.93, mguu wa kushoto wenye nguvu, na macho ya kuiona krosi kabla beki hajaiona. Hakuwa na mbio wala chenga za kutisha. Kocha mwenye mawinga wazuri na hana mtu wa kumalizia alijua nani wa kumpigia simu.

Alizaliwa Minas, mji mdogo wa Uruguay, Oktoba 1976. Akaanzia Defensor Sporting ya Montevideo, na mwaka 1996 akavuka mto kwenda San Lorenzo ya Buenos Aires. Mabao yake huko yakawavuta Deportivo La Coruña ya Hispania, waliomnunua mwaka 1998. Hapo ndipo hadithi ilipochukua njia yake. Hakupata namba ya kudumu, na Deportivo, badala ya kumuuza, wakaanza kumtoa kwa mkopo: Grêmio ya Brazil, Tecos ya Mexico, tena San Lorenzo. Mwaka 2000 Deportivo walipotwaa ubingwa wa Hispania kwa mara ya kwanza katika historia yao, mabao yakifungwa na Mholanzi Roy Makaay, Abreu alikuwa Guadalajara akiwafungia Tecos.

Mkopo wa mchezaji unafanana na bodaboda ya mkataba: anayeiendesha kila siku ni mmoja, mwenye kadi ni mwingine. Klabu inayomkopa humtumia bila kumjenga, kwa kuwa msimu ukiisha anaondoka. Inayommiliki humwangalia kwa mbali, ikisubiri thamani yake ipande. Katikati yuko mchezaji, anapanga nyumba asiyojua ataikaa miezi mingapi. Wengi huishia hapo. Abreu akaigeuza hali hiyo kuwa mtindo wa kazi.

Kilichomsaidia ni kalenda. Tangu 1996 ligi ya Mexico imegawanywa kuwa mashindano mawili kwa mwaka, kila moja na bingwa wake. Klabu inayoharibikiwa katika nusu moja haisubiri mwaka mzima. Inaanza upya miezi michache baadaye, na jambo la kwanza inalotafuta ni straika. Argentina na Uruguay nazo zilikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Katika soko kama lile mkataba wa miezi sita si fedheha, ni kipimo cha kawaida cha kazi. Kwa hiyo Mzungu anayetazama orodha ya Abreu na kudhani kila klabu ilimfukuza, anaisoma kwa miwani ya Ulaya.

Cruz Azul ndiyo iliyomfanya nyota Mexico. Katika mashindano ya Verano 2002 alifunga mabao 19 akawa mfungaji bora. Baadaye akavaa jezi ya América, mahasimu wa Cruz Azul jijini Mexico. Na kama hiyo haikutosha, mwaka 2006 alikuwa Monterrey na 2007 akawa Tigres, klabu mbili za mji mmoja ambazo uhasama wao ni wa aina ya Simba na Yanga. Kwetu mtu anayevuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani kwa miezi michache angeimbiwa kila wimbo. Abreu alivuka, akafunga, akaondoka, na watu wakaizoea tabia yake. Jina lake la utani, El Loco, yaani kichaa, lilimsaidia pia: kichaa huwa hadaiwi maelezo.

Kabla ya hapo alikuwa Dorados ya Culiacán, timu changa ya jimbo la Sinaloa. Huko, mwanzoni mwa 2006, alipata mchezaji mwenzake ambaye hakuna aliyemtarajia: Pep Guardiola, miaka 35, anamalizia soka lake na kujifunza ukocha kwa Juan Manuel Lillo. Guardiola aliumia mara kwa mara, Abreu akafunga, na Dorados wakashuka daraja hata hivyo, kwa sababu Mexico ilikuwa ikishusha timu kwa wastani wa pointi za misimu kadhaa. Miaka mitatu baadaye yule kiungo aliinua Kombe la Mabingwa Ulaya akiwa kocha wa Barcelona. Abreu wakati huo anatoka Real Sociedad, iliyokuwa daraja la pili Hispania, anaelekea Aris ya Thessaloniki, Ugiriki.

Akiwa mchezaji wa Aris ndipo Uruguay ilipomwita kwa jambo zito. Novemba 18, 2009, mchujo wa kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Costa Rica ulirudiwa Montevideo, Uruguay ikiwa imeshinda 1-0 ugenini. Bao la Abreu ndilo lililoipa nchi yake pumzi. Mechi ikaisha 1-1, na Uruguay ikapata tiketi ya Afrika Kusini. Bila bao lile huenda usiku wa Johannesburg ungekuwa wa watu wengine.

Mwanzoni mwa 2010 alihamia Botafogo ya Rio de Janeiro, na huko akaacha onyo ambalo Waghana hawakulisoma. Aprili 18, kwenye Maracanã, Botafogo walikuwa wakitafuta ubingwa wa jimbo mbele ya Flamengo. Ikatoka penalti. Abreu akakimbia kama anayetaka kuuchana mpira, kisha akaudokoa taratibu katikati ya lango huku kipa akiwa ameshalala upande. Botafogo wakashinda 2-1, wakawa mabingwa. Upigaji huo hubeba jina la Antonín Panenka wa Chekoslovakia, aliyeuonyesha dunia kwenye fainali ya Ulaya mjini Belgrade Juni 1976, miezi minne kabla Abreu hajazaliwa.

Sasa turudi Soccer City. Muntari alifunga kwa Ghana kabla ya mapumziko, Forlán akasawazisha. Abreu aliingia kutoka benchi kipindi cha pili. Dakika ya 120 Luis Suárez akauzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli, akatolewa kwa kadi nyekundu, na Asamoah Gyan akaigonga penalti kwenye mtambaa wa panya. Katika mikwaju ya kuamua mshindi, kipa wa Uruguay, Muslera, akazuia ya Mensah na ya Adiyiah, wakati mwenzake Maxi Pereira alipaisha yake juu. Hesabu ikawa rahisi: Abreu akifunga, mchezo umekwisha na Uruguay inaingia nusu fainali. Akikosa, Ghana inarudi kwenye mchezo, na fursa ya kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufika hatua hiyo inabaki hai.

Alitembea peke yake kutoka katikati ya uwanja. Kipa wa Ghana, Richard Kingson, alikuwa amecheza vizuri usiku ule wote na alikuwa na hamu ya kuruka. Abreu akauweka mpira, akarudi nyuma, akaja kwa kasi, na mguu wa kushoto ukapita chini ya mpira kwa ulaini wa kukera. Kingson alikuwa ameshajitupa upande. Mpira ukaelea katikati, ukashuka nyavuni.

Wengi waliliita tendo lile dharau. Mimi naliona ni kazi. Mtu ambaye kila miezi sita anaingia chumba cha kubadilishia nguo asichokijua, anasalimia watu wasiomhitaji bado, na anapewa mechi mbili tatu za kuonyesha kwa nini ameletwa, amezoea kupimwa kwa jaribio moja. Mchezaji wa klabu moja angefikiria mashabiki wake watasema nini. Abreu hakuwa na mtaa mmoja wa kuuogopa.

Msafiri huyu alikuwa na kwao, hata hivyo. Nacional ya Montevideo, timu aliyoipenda tangu utotoni, aliirudia mara kwa mara kati ya 2001 na 2015. Na timu ya taifa hakuihama: mechi 70, mabao 26, Kombe la Dunia mara mbili, na ubingwa wa Copa América mwaka 2011 nchini Argentina.

Klabu za mwisho zinanipa shaka kidogo. Santa Tecla ya El Salvador, sawa, walitwaa ubingwa mwaka 2016 akiwa nao. Lakini Bangu, Central Español, Puerto Montt, Magallanes, Rio Branco, Athletic ya Minas Gerais? Mtu wa miaka 40 na zaidi, kila kituo miezi michache. Klabu ndogo zilipata mashabiki getini na jina magazetini, yeye akapata namba nyingine kwenye rekodi. Hata Boston River aliyoichezea mwaka 2019, usidanganywe na jina; ni timu ya Uruguay. Ilikuwa ni biashara halali, ila tusiiweke mizani moja na mabao ya Cruz Azul.

Watanzania tunaijua safari ya namna hii kupitia Mbwana Samatta. Mwaka 2020 peke yake aliuanza Genk ya Ubelgiji, akafunga kwa Aston Villa kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, na ilipofika Septemba alikuwa Fenerbahçe ya Uturuki. Kisha Antwerp, Genk tena, halafu PAOK, mahasimu wa Aris pale Thessaloniki. Vijiweni wakasema ameshuka. Mwaka 2024 akatwaa ubingwa wa Ugiriki.

Abreu alicheza mechi yake ya mwisho Juni 2021, mvua ikinyesha Montevideo, akiwa na Sud América dhidi ya Liverpool, ile ya Uruguay. Alikuwa na miaka 44. Kazi ya ukocha imeshamfikisha Peru, kisha ikamrudisha Mexico, alikoifundisha Dorados ile ile na baadaye Tijuana.