Kasisi na Alizeti

Pampu ya kuvuta maji kisimani haiyapandishi zaidi ya futi 34, hata ikiundwa na fundi hodari namna gani. Uzito wa hewa ndio uyasukumao maji hayo, nao nguvu zake zakoma hapo. Lakini iko miti yenye kimo cha futi 300 na zaidi, na majani ya vilele vyake ni mabichi. Maji hayo yapandishwa na nini?

Mmoja wa waliolipima jambo hili kwa mizani ni Stephen Hales, kasisi wa Teddington, kijiji cha kando ya mto Thames huko Uingereza. Zamani zile wengi walidhani kuwa utomvu wa mti huzunguka kama damu, kwani William Harvey alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini.

Tarehe 3 Julai 1724 Hales alitwaa chungu chenye mwalizeti wa futi 3 na nusu. Akakifunika kwa bamba la risasi na kuziba nyufa zote, ili maji yasipate njia ya kutoka ila kwa mmea wenyewe. Kisha akakipima asubuhi na jioni, kwa siku 15, hata Agosti 8. Akaona kuwa kwa saa 12 za mchana mwalizeti hupoteza, kwa wastani, ratili 1 na wakia 4 za maji. Usiku wa joto usio na umande ulipoteza wakia 3 tu. Na umande ukiwa mwingi, uzito uliongezeka! Hata maji yaliyopenya katika udongo wa chungu hakuyasahau: aliyapima mbali, akayatoa katika hesabu. Mwishoni aliyakata majani yote akapima eneo lake, akakadiria kuwa mwalizeti, ukilinganishwa na mtu kwa ukubwa, hutoa jasho mara 17 kumshinda.

Alifanya jaribio jingine kwa mzabibu. Aliukata mwanzo wa majira ya kuchipua, akaunga mirija ya kioo juu ya kisiki, na utomvu ukapanda mle futi 21. Basi mizizi yasukuma. Lakini majani yakisha kukunjuka, mzabibu haulii tena ukikatwa. Na hiyo ndiyo miezi unayohitaji maji mengi kuliko yote. Hales alitambua kuwa majani yana kazi kubwa ya kuyavuta, akayaandika hayo katika kitabu chake Vegetable Staticks cha mwaka 1727. Jinsi yavutavyo hakuweza kueleza, na kwa maoni yangu hapaswi kulaumiwa.

Zaidi ya miaka 160 ikapita. Wako walioshikilia kuwa chembe hai za shina ndizo zipandishazo maji. Eduard Strasburger, wa Bonn katika Ujerumani, aliikata miti mirefu, mmoja ukiwa mwaloni wa zaidi ya mita 20, akaisimamisha katika sumu. Sumu ikapanda ikiua kila chembe iliyoipitia, na hata baadaye maji yaliendelea kupanda katika shina lililokufa.

Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly wa Dublin walitoa jibu. Maji hushikamana yenyewe kwa yenyewe, kama kamba, ndani ya mirija myembamba ya mti. Jua likigeuza maji ya jani kuwa mvuke, maji mengine huvutwa nyuma yake, na mvuto huo hufika hata mizizini. Wengi walicheka: nani amepata kuona kamba ya maji?

Lakini kamba ikivutwa mno hukatika. Mwaka 1966 Milburn na Johnson walitega chombo cha kusikilizia katika mbarika, mmea ule ule uotao hovyo pembezoni mwa mashamba yetu. Jani lilipoanza kunyauka walisikia vishindo vidogo, kimoja baada ya kimoja: nyuzi za maji zilikuwa zikikatika ndani ya mirija yake.